Sindano ya Saa Sita

Nianze na insulini yenyewe, kwa sababu watu wengi wanadhani sindano ni sindano. Kuna insulini za bei kubwa, zile za kalamu, ambazo mtu anakaa mezani, sahani iko mbele yake, anajidunga na kuanza kula. Halafu kuna ya kichupa, ya kwetu. Hiyo unajidunga kwanza, unangoja nusu saa, ndipo unakula. Ukichelewa, dawa haikungoji. Inaingia kwenye damu kutafuta sukari, na isipokuta chakula inakomba ile kidogo uliyo nayo mpaka ubongo unabaki mkavu. Kwa hiyo dawa ya maskini inataka ratiba ya tajiri. Hilo sikulisikia kliniki, nimeligundua mwenyewe.

Anayejidunga si mimi. Ni kitinda mimba wangu, binti wa miaka ishirini, ambaye kiwandani wanamwita Uzi kwa wembamba wake. Tunafanya kazi kiwanda kimoja, cha kushona makoti meupe ya madaktari na manesi. Yeye yuko kwenye cherehani, anashona mikono ya makoti. Mimi nina stashahada ya ugavi, na kwa stashahada hiyo nakaa nyuma ya dirisha la nondo nikigawa uzi, vifungo na sindano za mashine. Huu ni mwaka wa tisa. Jina langu hapo ni Mama Stoo.

Nilimwingiza kazini kwa uongo, nalisema wazi. Kabla ya hapo aliomba kazi kwenye duka la vitambaa. Kwenye usaili akawaambia ukweli, kwamba ana ugonjwa wa sukari tangu akiwa na miaka kumi na moja na anatumia sindano. Wakamsifu kwa ukweli wake, wakamwambia watampigia. Simu hiyo mpaka leo haijaita. Basi fomu ya kiwanda ilipokuja, swali la tisa likauliza kama ana ugonjwa wa kudumu, nikamwambia aandike hapana.

"Mama, huu ni uongo."

"Ni uongo. Andika. Kichupa kinanunuliwa kwa mshahara, hakinunuliwi kwa ukweli."

Akaandika. Kwa miezi kumi na sita tukaishi hivi. Kila mstari wa mashine thelathini una kibao kimoja cha mbao, na bila kibao hicho hakuna anayeruhusiwa kunyanyuka, awe anaenda chooni, stoo au kuzimu. Saa sita kamili binti yangu alichukua kibao, akaja dirishani kwangu na kusema, "Uzi mweupe." Nilimfungulia mlango wa pembeni. Nyuma ya maboksi ya vifungo nilikuwa na chupa ya chai ya mdomo mpana, ndani yake maji baridi na kichupa chake kwenye mfuko wa nailoni. Alipandisha blauzi, akajidunga, akachukua roli ya uzi na kurudi. Dakika mbili. Saa sita na nusu kengele ililia, akala pamoja na wenzake, na hakuna aliyejua kitu.

Aliyelalamika ni msimamizi wa mstari wao tu. Huyo tunamwita Bwana Dakika, kwa sababu ukimwomba lolote, ruhusa, maji, mashine itengenezwe, jibu ni "dakika tano tu," na dakika tano zake zinaweza kuzaa na kupata wajukuu. Alikuwa ananiuliza, "Mama Stoo, huyu binti yako anashona uzi au anaula?" Mimi nacheka. Kicheko hicho kilikuwa sehemu ya kazi yangu.

Kupima sukari tulipima asubuhi tu. Vijiti vya kupimia ni ghali kuliko nyama, na boksi moja lazima lifike mwisho wa mwezi. Mchana tulikisia. Tahadhari ilikuwa pipi nne za glukosi mfukoni mwake. Akisikia mikono inatetemeka, anatia moja mdomoni akijifanya anakohoa.

Siku ninayoisimulia, wageni walikuwa wanakuja. Wanunuzi. Wiki mbili kabla, koti moja lilifika kwao na doa la pipi kwenye ukosi, ikawa kesi kubwa kama limefika na damu. Kwa hiyo asubuhi ile mlinzi alisimama mlangoni mwa ukumbi wa mashine akikagua mifuko ya nguo za watu, akachukua kila kinacholika.

"Hizi za nini, Uzi?" akamwuliza binti yangu. "Umerudi chekechea?"

"Za koo, kaka."

"Koo litangoja mpaka jioni. Weka hapa."

Angesema "ni dawa" angerudishiwa. Yule mlinzi si mtu mbaya, ana mama mgonjwa nyumbani. Lakini binti yangu alikuwa amefundishwa kunyamaza, na mwalimu wake ni mimi.

Saa sita akaja dirishani. Alipokuwa nyuma ya maboksi akaninong'oneza, "Mama, wamechukua pipi."

"Nusu saa tu na utakula. Choma."

Akachoma.

Saa sita na dakika ishirini na tano kipaza sauti kikakohoa. Sauti ya Bwana Dakika. "Jamani, chakula kinasogea mbele kidogo. Wageni wanataka kuuona mstari ukifanya kazi. Mtu asinyanyuke, vibao vyote viko kwangu. Dakika tano tu."

Nguo iliyoshonwa vibaya inafumuliwa. Sindano ikishaingia haifumuliwi.

Sasa naomba msomaji anielewe vizuri, sitaki huruma ya bure. Nilijua. Katika jengo lile lote, mtu pekee aliyejua kilichoanza kutokea ndani ya mwili wa mtoto yule nilikuwa mimi, mama yake, nami nikabaki nyuma ya dirisha langu. Saa sita na dakika thelathini na tano nilijiambia wageni ni watu wenye matumbo, wataona njaa wenyewe. Saa saba kasoro kumi nilianza kuhesabu vifungo ambavyo nilikwisha kuvihesabu asubuhi. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule. Nikitoka, nitasema nini? Nikisema, watampa mkataba mwingine? Wasipompa, kichupa kitatoka wapi? Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu shule ya msingi, nikaiangalia ikinipita, nikaendelea kungoja.

Saa saba na dakika kumi alikuja mama mmoja anayeshona mashine ya jirani na binti yangu. Tunamwita Mama Pacha, ana mapacha seti mbili. Hakuwa na kibao.

"Mama Stoo," akasema akihema, "mwanao leo amekunywa nini?"

"Kafanyaje?"

"Kashona mkono wa koti kwenye mfuko. Tunamwambia, anacheka. Bwana Dakika kamsimamisha kwenye nguzo, anamwonyesha wageni jinsi anavyoshughulikia wazembe. Na jasho lile, shoga yangu, si jasho la uzembe."

Niliacha dirisha wazi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya kwa miaka tisa. Chumba cha wageni kiko njiani. Mezani walikuwa wameandaliwa vikombe, maji ya chupa na bakuli la sukari lenye kijiko cha kung'aa. Nikachukua bakuli na chupa ya maji.

"Mama! Hiyo ni ya wageni!" akapiga kelele msichana wa mapokezi.

"Waambie nitawaletea shamba zima la miwa."

Ukumbi mzima ulikuwa ukinguruma, mashine zinakwenda, vichwa vimeinama. Binti yangu alisimama kwenye nguzo, blauzi imemganda mgongoni, mkononi ameshika lile koti la ajabu ambalo mtu akilivaa angetia mkono mfukoni asiweze kuutoa. Mbele yake Bwana Dakika anaeleza jambo kwa wageni wawili, kidole juu.

"Mama Stoo, huku huruhusiwi."

"Pisha."

"Nasema huruhusiwi, na hivyo vitu vya maji—"

"Nimesema pisha, bwana!"

Nikamshika mwanangu mabega. Alinitazama kwa adabu kubwa, macho yamepanuka, akasema, "Shikamoo, shangazi. Umekuja kumwona nani?"

Nimezaa watoto watatu. Nimemzika mume. Hakuna sentensi iliyowahi kunipiga kama ile.

Nilimkalisha juu ya rundo la makoti yaliyokwisha kupigwa pasi, kwa kuwa ndicho kitu laini kilichokuwa karibu. Mama Pacha akaja kushika kichwa. Nilimimina nusu ya sukari kwenye chupa, nikatikisa, nikamwekea mdomoni. "Kunywa. Kidogo. Meza. Tena." Nusu iliingia tumboni, nusu ilishuka kidevuni mpaka kwenye makoti.

"Makoti!" Bwana Dakika alishika kichwa kwa mikono miwili. "Makoti yale! Ni ya hospitali hayo!"

"Basi yameanza kazi mapema," nikamwambia. "Shika chupa."

Ajabu ni kwamba aliishika.

Mashine zilianza kunyamaza, moja moja, kutoka karibu yetu kwenda mbali. Mmoja wa wageni, mama mtu mzima aliyekuwa na miwani shingoni, aliinama akauliza taratibu, "Ana sukari?" Hiyo ndiyo mara ya kwanza neno lile lilitamkwa kwa sauti ndani ya kiwanda kile, na lilitamkwa na mgeni.

"Ana sukari," nikasema. "Amechoma sindano saa sita ili ale saa sita na nusu. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Mgeni akatazama saa yake, halafu akamtazama Bwana Dakika. Dakika mbili baadaye kengele ya chakula ililia. Kumbe inawezekana kuipiga.

Baada ya kama robo saa macho ya binti yangu yalirudi. Alitazama makoti, akatazama watu, akanitazama mimi.

"Mama, mbona unalia?"

"Silii. Ni jasho. Kula." Mama Pacha alikuwa amemletea bakuli lake la chakula, akala palepale sakafuni, kwenye ukumbi ambao hata pipi hairuhusiwi.

Bwana Dakika alichuchumaa pembeni. Uso wake ulikuwa umebadilika, nikiri hilo. "Lakini kwa nini hamkusema?" akauliza, na hakuuliza kwa ukali.

Nyuma yetu sauti moja ya kike ikasema, "Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

"Na mnyima chakula," nikageuka, "yeye kitamfichua nini?" Sikumjua aliyesema.

Kesho yake saa nne tuliitwa ofisini. Afisa utumishi ni dada mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mtaratibu, sauti kama ya mtu anayebembeleza mtoto achanjwe. Bwana Dakika alikaa pembeni ya dirisha. Mezani palikuwa na karatasi mbili.

"Poleni sana," dada akaanza. "Kwanza tumshukuru Mungu. Pili, kiwanda kinajali afya. Ndiyo maana tumefikiria njia mbili. Ya kwanza, binti aandike kwamba anaacha kazi kwa hiari kwa sababu za kiafya, tutampa barua nzuri ya kumsifu. Ya pili, ahamie usafi. Kule hakuna mashine, hakuna presha."

"Mshahara wa usafi ni ule ule?" nikauliza.

"Kule ni kibarua, mama. Analipwa kwa siku alizokuja."

Nilipiga hesabu kichwani kabla hajafunga mdomo. Ilikuwa chini ya nusu. Nusu ya mshahara ni nusu ya dawa, na nusu ya dawa nimeiona: mwaka ule mume wangu alipofariki tulipunguza dozi ili kichupa kifike mbali, na binti yangu alilazwa siku tisa akipumua kama mtu aliyekimbia. Hata hivyo, na hili nalisema kwa aibu, nilitaka kukubali. Nusu ni kubwa kuliko sifuri. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo niseme tunashukuru.

"Mama," binti yangu akasema, "nyamaza kidogo."

Hakuwa amewahi kuniambia hivyo.

"Dada," akamgeukia afisa, "mimi nimekosa kwenye swali la tisa. Nilidanganya, niandikieni onyo, nitasaini. Lakini jana sikuzidiwa kwa sababu ya swali la tisa. Mkataba wangu kifungu cha sita unasema chakula ni saa sita na nusu hadi saa saba na nusu. Nimeukariri, kwa sababu maisha yangu yamefungwa hapo. Aliyeuvunja si mimi."

"Hiyo ni kwa siku za kawaida, mdogo wangu. Siku za dharura—"

"Siku za dharura zimeandikwa wapi?"

Dada akafungua faili. Akasoma. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Bwana Dakika alikohoa.

Nami nilikaa pale na stashahada yangu. Mkataba ule nilikuwa na nakala yake kwenye kabati la stoo, nimeupiga pini kwa mkono wangu. Miezi kumi na sita nimebuni chupa ya chai, maboksi, mlango wa pembeni na uzi mweupe, nimeficha mtoto kama bidhaa ya magendo ili aweze kula chakula chake katika saa ambayo ilikuwa haki yake kwa maandishi. Nilijua kila kifungu cha taratibu za uzi. Cha chakula sikukisoma. Mtu anayeogopa kufukuzwa hasomi mkataba kutafuta anachodai. Anausoma kutafuta alipokosea. Na wao wanalijua hilo, ndiyo maana wanaweza kuandika saa sita na nusu kwa wino mweusi na bado wakaishika kengele mkononi.

"Sisaini kuacha," binti yangu akaendelea, "na siendi usafi. Mikono ya makoti naijua kuliko mtu yeyote kwenye mstari ule, mwulizeni huyu hapa."

"Anashona vizuri," Bwana Dakika akasema, akitazama nje. "Hilo siwezi kulikataa. Ukiacha mambo ya uzi."

Dada wa utumishi akafunga faili. Kwa binti alikuwa ameshindwa, basi akahamia kwangu. "Suala la binti tutalipeleka kwa meneja. Lakini wewe, mama, ni mfanyakazi wa miaka tisa. Ulijua, ukaficha, ukaweka dawa stoo bila kibali, na jana ukaacha stoo wazi. Nahitaji maelezo yako kwa maandishi. Sasa hivi."

"Nipe karatasi."

Akanipa. Bila shaka alitarajia ukurasa wa kuomba radhi, wenye Mungu na watoto yatima. Niliandika jinsi ninavyoandika ripoti za stoo, kitu na saa yake:

*Binti yangu anatumia insulini. Nilimshauri afiche kwenye fomu. Jana pipi zake za dharura zilichukuliwa mlangoni asubuhi. Alichoma sindano saa sita kamili, mbele yangu. Chakula kilitakiwa saa sita na nusu. Kengele haikulia. Nilijua kwamba sukari yake itashuka na kwamba anaweza kufa. Nilingoja dakika arobaini kabla ya kwenda kumsaidia. Nilingoja kwa sababu naiogopa ofisi hii.*

Nikasaini. Nikamsogezea. Dada akaisoma, na nilimwona alipofika mwisho, kwa sababu alirudi kuisoma upya.

"Mama, hii sentensi ya mwisho uifute."

"Ipi?"

"Hii ya kuogopa ofisi. Haisomeki vizuri. Meneja akiiona atafikiri sisi tunatisha watu."

"Ni ya kweli."

"Hata kama. Nakushauri kama mdogo wako. Futa hiyo, na mimi nitajua jinsi ya kukusaidia. Hata binti tunaweza kumwangalia."

Niliitazama karatasi. Niseme ukweli, mkono ulisogea. Miaka tisa mkono huu umekuwa ukisogea wenyewe kila ofisi inapoongea taratibu. Binti yangu hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kalamu.

"Siifuti," nikasema.

"Mama—"

"Siifuti. Umetaka maelezo ya nani alijua, nani aliacha, saa ngapi. Ukiitoa hiyo, inabaki kwamba mama alimwangalia mwanawe anakufa bila sababu. Sababu ninayo, nimeiandika. Toa nakala moja uipige muhuri, nitaiweka mimi. Halisi mpelekee meneja."

Alimtazama Bwana Dakika, kama mtu anayetafuta shahidi. Bwana Dakika alikuwa na kazi kubwa ya kukagua kiatu chake. Mwishowe dada akasimama, akaenda kwenye mashine ya kunakili, akarudi. Akafungua kidau cha wino, akapiga muhuri upesi upesi, huku akiangalia pembeni, akanisukumia karatasi.

Niliiinua nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Stoo wametufundisha kutopokea kitu bila kukikagua.

"Tarehe haisomeki," nikamwambia. "Piga tena."